Shahada ya Masafa si Nusu Shahada

Nimekuwa kimya kwa majuma mengi. Kazi zilinibana, ni kweli, lakini kuna jambo jingine lililonizuia kuandika, nalo ni aibu. Kila nikikaa kuandika kuhusu hifadhidata au programu huria, kuna neno nililolisikia mwaka jana katika chumba cha mahojiano ya kazi ambalo hunirudia kichwani. Leo nalitoa kifuani. Kama ulikuja kutafuta maelezo ya kusakinisha Linux, samahani, subiri wiki ijayo. Leo nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo najielekezea mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Kampuni yetu ilikuwa inatafuta mtu wa kuandika programu za upande wa seva, nami nikawekwa katika jopo la kuwahoji waombaji. Kabla ya mahojiano tuliwapa jaribio la saa tatu. Waliolifanya walikuwa 11. Aliyeongoza alikuwa dada mmoja ambaye mchana alikuwa karani wa hesabu katika chama cha akiba na mikopo, mji mdogo huko magharibi mwa nchi. Programu yake ilikuwa safi, majina ya vigeu yanaeleweka, na alikuwa ameandika hata majaribio ya kuhakikisha kwamba programu haianguki mtu akiingiza takwimu za ovyo. Hatukuwa tumemwomba afanye hivyo. Wengine kumi hawakufanya.

Basi tukafungua wasifu wake. Shahada ya sayansi ya kompyuta, daraja la pili la juu. Na pembeni, kwa uaminifu wake, alikuwa ameandika: kwa njia ya masafa.

Mkuu wetu akaguna, akasema, "Aa, kumbe ni shahada ya posta." Watu wakacheka. Karatasi ikasukumwa upande wa pili wa meza, na kazi akapewa aliyekuwa wa pili.

Mimi nilikuwa pale, na sikusema kitu. Nilitazama kikombe changu cha chai.

Na shahada yangu mimi pia ni ya masafa.

Ofisini hakuna aliyejua. Wasifu wangu ulikuwa na jina la chuo, jina la shahada na mwaka, basi. Cheti chenyewe hakisemi ulikaa wapi ulipokuwa unasoma, na mimi sikuwahi kukisemea. Nilinyamaza miaka mitatu, na siku ile ukimya wangu ukamnyima mtu mwingine kazi. Ndiyo sababu naandika.

Wacha niwaeleze kwanza shahada ya posta inavyopatikana, kwa sababu wanaocheka wengi hawajui.

Nilianza mwaka 2016. Nilikuwa Mombasa, naishi Changamwe, nimeajiriwa na kampuni ya kuondoa mizigo bandarini. Kazi yangu ilikuwa ile ya "kijana wa kompyuta": printa ikikwama niitwe, mtandao ukikatika niitwe, mkubwa akisahau nywila yake niitwe. Baba alikuwa amelazimika kuacha kazi kwa ugonjwa, na wadogo zangu wawili walikuwa sekondari. Kwangu hapakuwa na swali la kusoma kutwa au kusoma kwa masafa. Swali lilikuwa kusoma kwa masafa au kutosoma kabisa.

Niliamka saa 10 alfajiri, nikasoma hadi saa 12, siku tano kwa wiki. Adhana ya alfajiri ilinikuta kila siku nikiwa ukurasa wa tatu au wa nne. Saa 12 naoga, saa 1 niko kwenye matatu. Jumamosi nilisoma saa sita mfululizo, kama stima ipo.

Fanya hesabu pamoja nami. Saa 10 za siku za kazi na saa 6 za Jumamosi ni saa 16 kwa wiki. Muhula ulikuwa wiki 14, kwa hiyo saa 224. Nilichukua masomo manne kila muhula: kila somo likapata saa 56. Somo lilelile, mwenzangu wa kutwa alipangiwa saa 45 za mhadhara. Naam, najua, yeye naye husoma baada ya mhadhara, na wengine husoma sana. Lakini pia najua mihadhara mingapi haikufanyika kwa sababu mhadhiri hakuja, maana marafiki zangu wa kutwa walikuwa wakinipigia simu saa 3 asubuhi wakiwa wameketi chini ya mti. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mmoja alisoma na mwingine alilala.

Masomo manne kwa muhula, mihula miwili kwa mwaka, miaka sita. Jumla masomo 48. Mitihani tuliifanya katika chumba kimoja na wenzetu wa kutwa, karatasi ileile, msimamizi yuleyule, saa ileile ya ukutani. Tofauti ni kwamba wao walitoka bwenini wakitembea kwa ndala, na mimi nilishuka kwenye basi la usiku asubuhi ileile, macho mekundu, nguo za kazi zimo mkobani.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi nchini Kenya likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka. Kwa miaka sita sikupumzika hata siku moja kati ya hizo. Zote ziliingia katika mitihani, na katika jambo jingine nitakalolieleza hivi punde.

Sasa kuhusu ubora. Mkuu wangu anadhani aliyesoma kwa masafa amesoma nadharia tupu bila vitendo. Mambo ni kinyume kabisa! Mwaka wangu wa tatu tulikuwa na somo la hifadhidata. Kazini kulikuwa na jedwali la makontena lenye rekodi kama laki nne. Karani akitafuta namba ya kontena, mfumo ulipitia rekodi moja baada ya nyingine tangu mwanzo. Akibonyeza kitufe cha kutafuta anaenda kupika chai, akirudi bado. Watu walishazoea. Walidhani kompyuta ni ya zamani, na mkubwa alikuwa ameanza kuulizia bei ya seva mpya.

Juma hilo nilikuwa nimesoma kuhusu faharasa. Ukiwa na orodha iliyopangwa, hutafuti moja moja. Unaifungua katikati, unaangalia unachotafuta kiko upande gani, unatupa nusu nzima, unaendelea hivyo. Rekodi laki nne ukizigawa nusu kwa nusu, hatua 19 zinatosha. Faharasa ya hifadhidata hutumia mti wenye matawi mengi, kwa hiyo hatua huwa chache hata kuliko hizo. Nilijaribu kwanza kwenye nakala, nikahakikisha haiharibu kitu, kisha jioni baada ya watu kwenda nyumbani nikaandika mstari mmoja tu wa kuunda faharasa kwenye safu ya namba za kontena. Kesho yake karani alibonyeza, jibu likaja kabla hajainuka kitini. Akaniita. Alidhani mfumo umeharibika.

Niambieni, ni mwanafunzi yupi wa kutwa aliyesoma kitu alfajiri Jumanne na Jumatano akakitumia kwenye mzigo halisi unaosubiriwa na lori halisi? Hiyo ndiyo elimu ya anayefanya kazi. Maswali yake hayatoki katika karatasi za mitihani iliyopita. Yanatoka kazini.

Tena jambo lenyewe si geni, ingawa linasemwa kama uzushi wa juzi. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu wasioketi katika madarasa yake mwaka 1858. Nelson Mandela alikamilisha shahada yake ya kwanza kwa UNISA mapema katika miaka ya 1940, mchana akifanya kazi katika ofisi ya mawakili mjini Johannesburg, na shahada ya sheria akaipata kwa chuo hichohicho mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Uingereza ilipoanzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1969, mwanasiasa Iain Macleod aliliita wazo hilo upuuzi mtupu. Wanafunzi wa kwanza walianza mwaka 1971, mihadhara ikirushwa na redio na televisheni ya BBC, na chuo hicho kipo hadi leo. Jirani zetu Tanzania waliunda Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka 1992.

Na sisi je? Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza shahada ya ualimu kwa masafa mwaka 1986. Walimu wangapi wa nchi hii wamesoma hivyo, au wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, huku muhula ukifunguliwa wanarudi kushika chaki? Huenda mwalimu aliyekufundisha hisabati, wewe unayecheka "shahada ya posta", ni mmoja wao. Mwaka 1997 kikaanza Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, ambacho kilirusha mihadhara kwa setilaiti, na mwaka 2002 makao yake yakahamia Nairobi. Wakati huo hatukuwa na hata waya mmoja wa nyuzi za kioo chini ya bahari! Nyaya za kwanza, SEACOM na TEAMS, zilitufikia mwaka 2009. Na mnamo Agosti 2023 serikali ikatoa hati kwa Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chuo cha umma, makao yake Konza. Yaani serikali yenyewe imejenga chuo kizima kwa njia ambayo mkuu wangu anaicheka.

Lakini hoja ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 2020. Mwezi Machi mwaka huo ugonjwa wa Covid-19 ulifunga vyuo vyote. Wanafunzi walirudi kwao, na wale waliobahatika wakaendelea kusoma kwa simu, kwa Zoom, kwa WhatsApp, chini ya mwembe ambako mtandao unashika. Wote wakawa wa masafa! Wale marafiki zangu wa kutwa walionionea huruma sasa walikuwa wananiuliza mimi, "Bwana, wewe huwa unafanyaje usilale?" Wakahitimu. Je, umewahi kumsikia mwajiri akimwambia mhitimu wa 2021, "Hebu tuone, wewe mihula yako mingapi ilikuwa ya nyumbani"? Sijawahi kusikia. Masafa yakiwapata wote huitwa uvumilivu. Yakimpata karani wa chama cha akiba huitwa posta. Hapo ndipo ninapoona kwamba kinachodharauliwa si njia ya kusoma. Ni hali ya mtu asiyeweza kuacha kazi miaka minne.

Haya. Nimewachapa waajiri. Sasa nawageukia walio upande wetu, maana nikikaa kimya hapa nitakuwa nimesema nusu ya ukweli.

Vyuo vyenyewe vimechangia dharau hii, na vimechangia sana. Vingi viliona elimu ya masafa kama ng'ombe wa maziwa: kamua karo, majani atajitafutia. Nitaeleza niliyoyaona, na chuo changu sitakitaja jina, maana najua si peke yake.

Kwanza, notisi. Mwaka 2017 nilipewa kijitabu cha somo la mifumo ya uendeshaji kinachosifu Windows XP kuwa mfumo mpya kabisa. Microsoft ilikuwa imeacha kuuhudumia mfumo huo tangu Aprili 2014! Kilikuwa nakala ya nakala ya nakala, kurasa zimepinda, na ukurasa wa 41 haukuwepo. Wakakipiga picha, wakakigeuza PDF, wakakipandisha mtandaoni, wakaita hiyo elimu ya kidijitali. Kuweka karatasi kwenye seva hakuigeuzi kuwa somo, kama vile kuweka ndoo kando ya kisima hakuijazi maji.

Pili, ukimya. Nilituma swali la algoriti kwa mhadhiri mwezi Februari. Jibu lilikuja mwezi Juni, wiki mbili baada ya mtihani. Lilikuwa jibu zuri sana. Nimelihifadhi.

Tatu, na hili ndilo lililomaliza likizo zangu, alama zilizopotea. Mliosoma vyuo vya hapa mnalijua donda hili. Mwaka wa pili alama zangu za miundo ya data hazikuonekana. Mtihani niliufanya, jina langu liko kwenye orodha ya waliohudhuria, alama hakuna. Nikaambiwa nipakue fomu, niichapishe, niijaze kwa kalamu ya bluu, kisha niilete mwenyewe kwa mkono. Mwanafunzi wa masafa, alete kwa mkono! Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Safari ya kwanza mhadhiri hakuwepo. Safari ya pili mhadhiri alikuwepo, lakini mkuu wa idara alikuwa mkutanoni na muhuri ulikuwa kwenye droo yake. Safari ya tatu karatasi yangu ikapatikana katika kabati la idara nyingine. Nilikuwa nimepata 68.

Safari tatu, kwenda na kurudi, ni karibu kilomita 2,900 kwa ajili ya namba moja yenye tarakimu mbili. Na chuo hichohicho kilikuwa kinanifundisha hifadhidata! Jedwali la alama linahitaji safu tatu: namba ya mwanafunzi, namba ya somo, alama. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijenga mchana mmoja. Wala hawakuhitaji kununua chochote. Moodle, programu huria ya kuendeshea masomo, imekuwepo tangu mwaka 2002, bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Tatizo halikuwa teknolojia, wala halikuwa mtandao. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeumia alama zikipotea, isipokuwa mwanafunzi.

Kundi letu la WhatsApp lilianza na watu 34. Siku ya mahafali tulikuwa 9. Msiniambie kwamba wale 25 walikuwa wazito wa kichwa. Mmoja alikuwa akitufundisha sote hesabu za mantiki kwa ujumbe wa sauti, saa 5 ya usiku, akiwa lindoni na tochi yake. Aliacha mwaka wa nne alama za masomo mawili zilipopotea kwa pamoja na mwajiri wake akamnyima ruhusa ya kuzifuata. Hadi leo yeye ni mlinzi, na hadi leo ananishinda kwa mantiki.

Kwa hiyo mwajiri anayesema "sina imani na masomo ya masafa" ana chembe ya haki katika kikapu cha dhuluma. Elimu hii imeendeshwa vibaya mahali pengi. Lakini tazama nani anayeadhibiwa. Chuo kimezembea, mwanafunzi akavuka uzembe huo kwa jasho lake, kisha yeye ndiye anayekataliwa kwa sababu ya uzembe alioushinda!

Kuna kundi la tatu, na hawa ni wenzangu kabisa, watengenezaji wa programu. Hawa husema, "Shahada ya nini? Video zipo YouTube, akili bandia inakuandikia kila kitu, jifunze mwenyewe." Nawaheshimu waliojifunza wenyewe, na wengine ni walimu wangu. Lakini nimechunguza, na wengi wanaonihubiria hivyo wana shahada tayari, imetundikwa ukutani kwa mama yao. Ni rahisi kuidharau ngazi ukiwa juu ya paa. Kwa mtoto wa Changamwe asiye na mjomba katika kampuni yoyote, karatasi ile ndiyo inayomfikisha mezani ili apewe hilo jaribio la saa tatu. Nafasi ngapi za kazi zinakuambia kwenye mstari wa kwanza "mwenye shahada"? Tena faharasa ile sikuijua kwa kutazama video. Sikujua kwamba kuna kitu cha kutafutia. Mtaala ulinilazimisha nipite mlango ambao nisingeuona.

Na kuhusu akili bandia kuandika kazi za wanafunzi wa masafa: je, wa kutwa hawana simu? Anayetaka kuiba ataiba akiwa bwenini vilevile. Dawa ni ileile kwa wote wawili: mtihani unaosimamiwa, na mwanafunzi kuketi mbele ya mwalimu aeleze kwa kinywa chake programu yake inafanya nini, mstari kwa mstari. Anayeelewa ataeleza.

Sitaki kuwadanganya vijana pia. Kuna nilichokosa. Sikuwa na mtu wa kubishana naye ubaoni. Kuna makosa niliyabeba miaka miwili kwa sababu hakukuwa na mwenzangu wa kuniambia, "Wewe, hivyo sivyo." Upweke ule ni wa kweli, na usingizi nao ni wa kweli. Kwa hiyo nikiulizwa na kijana ambaye wazazi wanaweza kumlipia akasome kutwa, namwambia nenda ukasome kutwa. Asiye na uwezo huo namwambia anza, lakini tafuta wenzako wawili au watatu wa kukutana nao kila Jumamosi, hata kama ni kwenye saiba. Na weka nakala ya kila karatasi. Kila karatasi!

Basi ninataka nini? Mambo matatu tu.

Waajiri, futeni maneno "aliyesoma kutwa" kwenye matangazo yenu na vichwani mwenu. Pimeni kazi ya mtu. Mkimpa jaribio na akaongoza, basi ameongoza. Na mfanyakazi wenu akisoma, mpeni siku za mtihani bila kumla likizo. Anachokisoma alfajiri mtakivuna nyinyi asubuhi.

Vyuo, kama mnataka karo ya mtu wa Lodwar, Wajir na Lamu, basi mfikieni huko. Kaunti ni 47; pangeni vituo vya mitihani karibu na watu. Swali lijibiwe ndani ya wiki. Alama zitoke kwa tarehe iliyotangazwa, na zikipotea atafutaye awe aliyezipoteza. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inasimamia vyuo chini ya sheria ya mwaka 2012, na viwango vya elimu ya masafa vimeandikwa. Viandikwe pia kwenye matendo.

Na sisi tuliosoma hivyo tuache kujificha. Hili ndilo gumu kwangu. Dada yule aliandika ukweli kwenye wasifu wake akakosa kazi. Mimi niliuficha nikaketi upande wa pili wa meza. Kama mimi na wenzangu wote tuliofika mezani tungekuwa tumesema, kicheko kile kisingepata pumzi.

Mwezi uliopita nilimwendea mkuu wangu ofisini kwake. Nikamwambia, "Bosi, ile shahada ya posta, mimi ninayo pia." Alinitazama kwa muda. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimejiuliza usiku mwingi: "Mbona hukusema siku ile?"

Sina jibu zuri. Nafasi ile ilishajazwa, na kijana aliyeipata hana kosa, anafanya kazi yake vizuri. Nilimwandikia dada yule barua pepe ya kumwomba radhi. Hajanijibu, wala sina haki ya kumdai jibu. Tangazo letu la kazi linalofuata tumekubaliana halitauliza mtu alisoma akiwa ameketi wapi. Na nimefungua wasifu wangu, nikaongeza maneno manne pembeni mwa shahada: kwa njia ya masafa.

Haya, nimemaliza. Wewe unayesoma haya saa 10 alfajiri kabla ya kwenda kazini, na najua mpo, funga ukurasa huu urudi kwenye kitabu. Wiki ijayo tutarudi kwenye Linux, inshallah. Kwaherini.